Gia ya pili inachomoka, jino limekatika: kuijenga upya giaboksi ya kwadi

Swali la msomaji: "Fundi, shikamoo. Nina kwadi ya michezo (pikipiki ya magurudumu manne), silinda moja, sisi (cc) 450, gia tano za mguu, cheni nyuma. Kwa miezi kadhaa gia ya pili ilikuwa inachomoka kila nikifungua mafuta kwa nguvu. Nikaizoea, nikawa naishikilia kwa mguu. Wiki iliyopita kwenye mchanga ililia kama mtu anayetafuna changarawe, na nilipomwaga oili vikatoka vipande vitatu vya jino. Matairi ya nyuma niliyofunga ni makubwa kuliko ya kiwandani. Fundi mmoja anasema atachomelea jino, mwingine anataka ninunue seti nzima ya gia za mashindano. Mimi nataka giaboksi irudi ikiwa na nguvu kuliko ilivyokuwa. Nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujamlipa hata mmoja wao, rudi kwenye maneno uliyoyapitia haraka: "nikawa naishikilia kwa mguu." Jino lililokatika ni maiti tu. Muuaji bado yumo ndani ya kesi, yaani gamba la injini, na ukifunga gia mpya bila kumtafuta, atazila na hizo. Nasema hivi kwa sababu nimeshamlisha mimi mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilifungua injini kama yako, nikabadilisha gia mbili zilizovunjika, nikafunga kila kitu kikang'aa, mwenye mali akaondoka akinishukuru. Mwezi haukuisha akarudi na oili imejaa chuma, gia ileile. Foki, ule uma unaosukuma gia, ilikuwa imepinda kiasi kidogo ambacho jicho langu halikukiona, na kuipima sikuipima.

Sasa tuelewane jinsi giaboksi hii inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani unapobadili gia meno yanaachana na kukutana upya. Hayaachani. Gia zote tano zimeng'atana na wenzake muda wote, hata ukiwa nyutro. Ndani kuna shafti mbili: shafti ya klachi inayopokea nguvu na shafti ya sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) inayoitoa. Katika kila jozi, gia moja imefungamana na shafti yake na nyingine inazunguka bure juu ya bushi, pete pana ya chuma. Unapokanyaga lever, dramu (kijipipa chenye mifereji) inazunguka, foki inasukuma gia moja iteleze pembeni, na vile vifundo vya ubavuni ambavyo mafundi tunaviita dogi vinaingia kwenye matundu ya gia jirani. Hapo ile iliyokuwa huru inafungwa kwenye shafti, na umepata gia.

Kwa hiyo gia inayochomoka haina uhusiano na meno ya duara. Ugonjwa uko kwenye dogi, foki, dramu, washa (vile visahani vyenye tundu) au beringi. Kona za dogi zikishaviringika, kila ukifungua mafuta zinasukumana nje badala ya kushikana. Gia inachomoka, injini inapaa, wewe unaisukuma tena kwa mguu, na dogi zinakutana kwa kishindo huku pande mbili zinazunguka kwa kasi tofauti. Kishindo hicho kinasafiri moja kwa moja hadi kwenye mzizi wa jino. Hesabu mara ngapi kwa siku, kwa miezi yote hiyo. Tena dogi zinapomenyeka hutoa chembe ngumu, zinapita katikati ya meno yanayong'atana. Hiyo changarawe uliyoisikia, wewe uliisaga mwenyewe.

Kuhusu kuchomelea, jibu ni hapana, na nitakupa sababu ili usione nambania fundi mwenzangu riziki. Chuma cha gia hupikwa na kaboni ili ngozi yake iwe ngumu kama tupa, unene wa nusu milimita hadi milimita moja hivi, huku moyo ukibaki na uvumilivu wa kupinda kidogo bila kukatika. Ugumu wa juu, ustahimilivu wa ndani. Moto wa kuchomelea unavuruga vyote viwili: karibu na chomeleo chuma kinakuwa kikavu kama kigae, mbele kidogo kinalegea. Ukikisaga kikapata umbo la jino, kwa macho utadhani kimepona. Siku kitakapong'oka kikaangukia katikati ya gia mbili, magurudumu ya nyuma yatakwama ghafla ukiwa kwenye mwendo, na kesi inaweza kupasuka. Nimeona kesi iliyotobolewa hivyo, tundu la kupitisha kidole gumba. Mchomeleaji mzuri atakufaa kwenye fremu.

Kwenye injini za aina yako giaboksi iko ndani ya kesi moja na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kwa hiyo hakuna njia ya mkato: injini inatoka kwenye fremu, silinda na kichwa vinatolewa, klachi na magneto vinatolewa, kesi inafunguliwa katikati. Magneto, ile inayozalisha umeme, itolewe kwa pula yake, kifaa cha kuivuta. Ukigonga ncha ya krenki kwa nyundo umejiongezea kazi ya pili. Bolti za kesi zina urefu tofauti, kwa hiyo chora umbo la kesi kwenye kadibodi, toboa matundu, kila bolti ikae mahali pake. Na kesi ikigoma kuachana, usiingize bisibisi kwenye mdomo wake. Tafuta bolti uliyoisahau. Mara nyingi ipo. Ikitoka yote, gonga kwa nyundo ya plastiki au tumia pula ya kesi. Alama moja ya bisibisi kwenye uso ule itavujisha oili mpaka uchoke.

Ukishazitoa shafti, usizivue gia na kuzimwaga kwenye karai. Pitisha waya au kijiti, vua gia moja moja pamoja na washa na bushi yake, zikae kwa mpangilio na kwa upande uleule zilivyokuwa. Piga picha kila hatua. Washa nyingine zina unene unaokaribiana sana, ukizibadilishana utapata giaboksi inayoingia gia nne na kukataa ya tano, na hutajua kwa nini.

Halafu kaa chini na taa kali. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka. Chukua jino lililokatika uangalie uso wa mkato. Ukiona mistari iliyopindana kama alama za mawimbi yanapoacha mchanga, na mwishoni sehemu ndogo yenye chengachenga, jino hilo lilianza kupasuka zamani na ufa ukatembea taratibu: huo ni uchovu wa chuma. Ukiona uso wote una punje kama sukari, limekatika kwa pigo moja. Kwako natarajia ya kwanza. Pitisha ukucha kwenye uso wa meno mengine, ukikwama kwenye vishimo vidogo kama makovu ya ndui, ngozi ngumu imeanza kubanduka na gia hiyo imekwisha hata kama haijakatika. Rangi ya bluu au zambarau ni joto, oili haikufika. Sasa geuza gia ya pili na jirani yake uziangalie dogi kwa ubavu. Kona nzima inaakisi mwanga kwa mstari mwembamba kama ukingo wa kisu. Kona iliyoviringika inaakisi mwanga mpana, wa mviringo. Ukiona huo mpana, umekutana na sababu ya gia kuchomoka.

Lakini dogi nazo haziviringiki zenyewe, kwa hiyo tunarudi nyuma hatua moja: foki. Foki yako ya gia ya pili naomba uipime kwa kalipa kwenye ncha zote mbili, ulinganishe na kipimo cha kitabu cha injini yako, kisha uilaze juu ya kioo kinene ukague kama imelala sawa. Ncha moja ikiwa imelika kuliko nyingine, foki imepinda. Ncha zikiwa na rangi ya bluu au metali iliyopakaa, ilikuwa inasugua bila kupumzika. Na kisuguzi, ndugu yangu, mara nyingi ni buti. Dereva anaegemeza mguu juu au chini ya lever anapoendesha, na kila gramu ya uzito huo inaibana foki dhidi ya gia inayozunguka. Wewe umekiri ulikuwa unaishikilia. Hata bila dogi kuchakaa, tabia hiyo pekee ingeila foki hadi isiweze kusukuma gia mpaka mwisho wa safari yake, na gia isiyofika mwisho inang'ata kwa ncha tu za dogi.

Foki haifai kunyooshwa. Nunua mpya. Ni kitu kidogo kuliko gia, na foki iliyonyooshwa inakumbuka kilema chake. Kagua pia shafti inayobeba foki kwa kuiviringisha juu ya kioo, mifereji ya dramu kama imeota ngazi pembeni, na ile nyota yenye rola na springi inayoishikilia dramu isizunguke ovyo. Springi ikilegea, dramu haifiki mahali pake na unapata gia nusu. Kuna na sababu ya kijinga kabisa ambayo haigharimu kitu: urefu wa lever. Ukivaa buti nene na lever ikawa chini mno, mguu hauna nafasi ya kuinyanyua mpaka mwisho. Isogeze jino moja la splaini (mifereji ya shafti inayoishika) juu. Nimewahi kumaliza malalamiko ya mtu kwa spana namba 10 tu.

Mtuhumiwa wa pili ni beringi ya shafti ya sproketi, na huyu hutumwa na cheni. Cheni iliyokazwa sana inaonekana sawa kwadi ikiwa imesimama, lakini mkono wa nyuma, ule unaobeba ekseli, ukipanda kwenye bonde, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka mpaka ekseli, mhimili wa mkono na sproketi ya mbele vinyooke mstari mmoja. Cheni isiyo na ulegevu pale inavuta shafti kama upinde. Beringi inalegea, shafti inahama kidogo sana, na meno yaliyokuwa yanakutana kwa kina chake sasa yanakutana kwa ncha. Jino likibebeshwa mzigo kwenye ncha, mzizi wake unapata mkazo mkubwa zaidi, kama mti unaovutwa kwa kamba iliyofungwa kileleni. Shika sproketi ya mbele uitikise juu na chini kabla hujafungua injini. Ikicheza, unajua.

Kwa hiyo beringi zote za giaboksi zibadilishwe, hata zinazoonekana nzima, maana vipande vile vitatu vya jino vilipita humo pamoja na oili. Namba huwa imechongwa ubavuni: 6205, kwa mfano, ni tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15, dunia nzima. Tazama pia herufi zinazofuata. C3 maana yake beringi ina nafasi ya ndani zaidi ya kawaida, na kama ya kiwandani ilikuwa C3, usiweke isiyo na alama hiyo. Kesi ikipata joto itabana. Beringi haitolewi wala kuingizwa kwa nyundo. Pasha kesi sawasawa hadi nyuzi 90 au 100 hivi, tone la maji likianza kuchemka juu yake inatosha, na beringi mpya ilale kwenye friza usiku kucha. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 52 likipanda joto kwa nyuzi 80 linafunguka kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na beringi inadondoka yenyewe kwa mlio mmoja mzuri sana.

Ikiwa beringi ilikuwa inazunguka ndani ya tundu lake na kulipanua, utaona alumini imelainika na kung'aa. Hapa ndipo mafundi wengi hupiga punchi kuzunguka tundu ili vinundu viibane. Vinundu hivyo vitalala baada ya safari chache. Kama nafasi ni ndogo sana, gundi maalumu ya kushikilia beringi inafaa. Kama ni kubwa, tundu lipanuliwe kwenye mashine na kuwekwa bushi ya chuma, lakini na fundi anayeweza kulinda umbali kati ya shafti mbili. Akikosea hapo, umerudi kwenye mkasa wa meno kukutana kwa ncha.

Gia sasa. Zibadilishwe kwa jozi, iliyovunjika na inayong'atana nayo, pamoja na jirani inayopokea dogi zake. Gia mpya ikisagana na gia iliyochakaa, umbo la meno halilingani na mzigo unakaa kwenye mstari mwembamba. Giaboksi iliyotumika inaweza kukufaa ikiwa umeifungua ukaiona. Ikiwa imefungwa unanunua siri ya mtu mwingine. Mimi binafsi nachukua gia za kiwandani mpya kwa zile zilizoharibika, kisha naimarisha.

Kuimarisha kwenye faida ya kweli ni kuchonga dogi mgongo. Nyuso za dogi na matundu yake zinasagwa kwa mshazari wa nyuzi chache, kwa kawaida kati ya 3 na 5, zikawa kama mkia wa njiwa. Ukifungua mafuta, badala ya gia kusukumana zinavutana, na kadiri mzigo unavyozidi ndivyo zinavyoshikana. Ni kazi ya mwenye mashine na kishikio cha kugawanya pembe, tena ya kupozwa muda wote, maana akisaga kwa pupa anaimaliza ile ngozi ngumu au anaichoma. Ukirudishiwa, zikague mwenyewe: paka rangi ya bluu ya kukagulia kwenye dogi, ziingize, zizungushe kwa mkono huku umekaza, zichomoe. Dogi zote ziwe na alama. Ikiwa ni tatu na alama iko kwenye moja, hiyo moja inabeba mzigo wa tatu, na itakatika kabla ya ile uliyokuwa nayo. Rudisha kazi bila aibu. Ujue pia kuwa gia zilizochongwa hivi hazitaki kubadilishwa bila kupunguza mafuta. Zimeshikana, na ukilazimisha foki ndiyo italia.

Kuna na kupigwa vipira vidogo vya chuma kwa shinikizo kwenye mizizi ya meno. Huonekana kama mzaha lakini sayansi yake ni safi: ngozi inabanwa, na ufa hauanzi kirahisi kwenye chuma kilichobanwa. Kazi hii ifanywe kwenye gia mpya au isiyo na ufa. Kugandishwa kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 180 hasi, nako hukamilisha ugumu ambao kuzimwa kwa kawaida, yaani kupozwa ghafla kikiwa cha moto, kuliacha nusu. Kunasaidia uchakavu, ila mtu akikuambia ndiko kutakakoiokoa giaboksi yako, mwache aendelee na biashara yake. Seti nzima ya mashindano, gia za chuma cha 9310 na shafti za 300M, ina heshima yake. Ni kwa injini iliyoongezwa nguvu sana, au anayeruka vilima kila wiki. Kwa sisi 450 ya kawaida, ni kununua mlango wa chuma wakati dirisha liko wazi. Na ukiambiwa sifa yake ni "meno yaliyonyooka", cheka kidogo: hata gia zako za sasa meno yake yamenyooka.

Dirisha lenyewe ni klachi. Watu wakijenga giaboksi hukimbilia springi ngumu kupita kiasi ili klachi isiteleze hata chembe. Lakini klachi ndiyo fyuzi. Gurudumu linapotua kutoka angani likiwa linazunguka kwa kasi na kukamata ardhi, pigo linarudi kupitia cheni hadi giaboksi, na kuteleza kidogo kwa sahani kunameza sehemu yake. Ukiifunga kama nati, pigo lote linaishia kwenye jino. Springi ngumu kwa asilimia 10 au 15 zinatosha kwa matairi yako. Kinachohitaji macho zaidi ni klachi isiyoachia. Angalia vidole vya nyumba ya klachi ambamo masikio ya sahani yanateleza: yakichimba mashimo, sahani zinanasa, shafti inaendelea kusukumwa hata ukiwa umebana lever ya klachi, na kila badiliko la gia linakuwa vita. Mashimo madogo yalainishwe kwa tupa. Makubwa, nyumba mpya. Sahani mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa.

Oili yenyewe isiwe ya gari iliyoandikwa kuokoa mafuta. Ina viungo vya utelezi vinavyofanya klachi ya ndani ya oili iteleze. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2. Wajapani waliweka kiwango hicho mwaka 1998 kwa sababu hiyohiyo, oili za magari zilikuwa zinazidi kuwa telezi. MB iache, ni ya injini ambazo klachi yake haiogelei. Na kumbuka kwenye injini nyingi za aina hii oili hiyo moja inalainisha krenki na gia pamoja, na meno ya gia huzikata molekuli zake ndefu, zile zinazoipa uzito, mapema kuliko injini ya gari inavyofanya. Ibadilishe mara kwa mara, usisubiri iwe nyeusi.

Matairi. Kama ya nyuma yalikuwa inchi 20 na umeweka 22, gurudumu linaidai giaboksi asilimia 10 zaidi kwa kazi ileile. Unaweza kurudisha deni hilo kwa sproketi: ya mbele kutoka meno 14 hadi 13 inarudisha karibu asilimia 8, ya nyuma kutoka 38 hadi 42 inarudisha 10 na ushee. Mimi ningegusa ya nyuma, kwa sababu sproketi kubwa nyuma inapunguza pia mvuto wa cheni, na hivyo beringi ile ya mbele inapumua. Ukipunguza ya mbele mvuto haupungui, halafu cheni inalazimika kujikunja zaidi.

Kabla ya kufunga, safisha kana kwamba unataka kulia chakula ndani ya kesi. Njia zote za oili zipulizwe kwa hewa pande zote mbili, pampu ifunguliwe ukague mikwaruzo, chujio libadilishwe, beringi za krenki na ya fimbo ya pistoni zikaguliwe. Kipande kimoja cha jino kikibaki kwenye kona kitasubiri.

Saklipu zote, zile pete zenye mwanya zinazozuia gia zisihame kwenye shafti, ziwe mpya. Ukiishika mkononi utaona upande mmoja una kona kali na mwingine umeviringika kidogo, alama ya mashine iliyoikata. Upande wa mviringo utazame gia inayoisukuma, kona kali ikae nyuma, iegemee ukuta wa mfereji. Mwanya wake uelekee kwenye bonde la splaini. Usiipanue kuliko inavyohitajika kuvuka shafti. Iliyopanuliwa sana haikazi tena. Bushi yenye tundu la oili ilingane na tundu la shafti, la sivyo gia hiyo itakuwa kavu maisha yake yote, na utakuja kuona ile rangi ya bluu.

Shafti zikishakaa kwenye nusu ya kesi na foki na dramu zimo, zungusha shafti kwa mkono huku ukipitisha gia zote, kwenda na kurudi, angalau mara tano. Katika kila gia inua macho uone dogi zimeingia kiasi gani. Zikiingia nusu, tatizo liko mezani bado na ni nafuu liwe mezani. Kila kitu kipakwe oili. Silikoni ya kesi iwe nyembamba kama uzi. Inayotokeza ndani huishia kwenye chujio. Bolti zikazwe kwa msalaba, kwa hatua, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Zile ndogo za milimita 6 kwa kawaida huishia kama Nm 10, ila kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata.

Wenye kwadi za mkanda badala ya gia za mguu, zenye lever ya kuchagua gia ya juu, ya chini na ya kurudi nyuma, wengi mtalisoma jibu hili pia, kwa hiyo neno moja tu. Kwenu dogi huuawa na kubadilisha kabla magurudumu hayajasimama kabisa, au injini ikinguruma juu kiasi kwamba mkanda umeshaanza kushika. Shusha mngurumo, rekebisha waya au fimbo ya lever ifike mwisho, simama kabisa. Kabla hujafungua giaboksi, vijaribu hivyo.

Safari ya kwanza, ndugu yangu, isiwe ya mchanga. Washa, iache ipate joto, ipoe kabisa, rudia. Kisha saa moja ya mwendo mwepesi ukipitisha gia zote, mguu ukitoka kwenye lever kila unapomaliza kubadili. Mwaga oili ikiwa ya moto, kupitia kitambaa cheupe, na ufunge bolti ya kumwagia yenye sumaku. Ukikuta kwenye sumaku tope la kijivu laini kama grisi, hilo ni vumbi la vyuma vipya kuzoeana. Futa, jaza oili nyingine, endelea. Ukikuta chembe unayoweza kuishika kwa kucha mbili na ina kona, usiwashe tena hata kuisogeza kwenye kivuli. Isukume.